Qanbalu na Ras Mkumbuu: Jina la Rasi kama Ushahidi wa Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Kijana anayelelewa katika mtaa wa Komarock, mashariki mwa Nairobi, huenda akawafahamu Waviking kabla hajalisikia jina la Ras Mkumbuu. Waviking wamemfikia sebuleni kupitia runinga. Anazijua merikebu zao zenye vichwa vya joka, anajua walitoka nchi za Skandinavia, na pengine anajua pia kwamba mwaka 793 walivamia makao ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza. Ras Mkumbuu haimo katika runinga hiyo. Ni rasi nyembamba iliyochomoza baharini upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, yenye magofu ya msikiti, nyumba na makaburi ya mawe. Katika karne zile zile ambazo Waviking walizisumbua pwani za Ulaya, mabaharia wa Oman na wa Siraf walikuwa wakija Afrika Mashariki kutafuta pembe za ndovu, na mji mmoja wa kisiwani ukaandikwa katika vitabu vya Kiarabu kwa jina la Qanbalu.

Kijana huyo hapaswi kulaumiwa. Hata vyuoni, ambako mada ya chimbuko la Kiswahili hufundishwa mwaka baada ya mwaka, Al-Masudi hupewa sentensi moja tu: alifika pwani mwanzoni mwa karne ya 10, akaandika maneno machache ya wenyeji. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo, huiandika katika karatasi ya mtihani kama uthibitisho kwamba Kiswahili ni cha Kibantu, kisha huisahau. Aghalabu hakuna anayemuuliza Al-Masudi alifika wapi hasa, wala maneno yale yalisomwaje kutoka katika hati isiyo na irabu.

Makala hii inadhamiria kuisoma upya sentensi hiyo, kwa mwendo wa polepole. Hoja yake kuu ni kwamba jina Qanbalu, likitazamwa kwa tabia za hati ya Kiarabu na kwa mabadiliko ya sauti yaliyotokea katika Kiswahili, linaweza kuhusishwa na jina Mkumbuu. Na kwamba uhusiano huo, ukikubaliwa, unatuonyesha lugha ya kisiwani ikiwa katika hatua ambayo Kiswahili cha leo kimeshaiacha. Pingamizi dhidi ya hoja hii zipo, tena si ndogo, nazo zitapewa nafasi yake.

Rasi yenyewe

Neno rasi limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa. Kichwa hiki cha Pemba kinaikinga ghuba ya Chake Chake upande wa kaskazini, na magofu yako karibu na ncha yake. Kijiji cha jirani ni Ndagoni, ndiyo sababu waandishi wengine wameyaita magofu ya Ndagoni. F. B. Pearce aliyaeleza katika kitabu chake kuhusu Zanzibar kilichochapishwa mwaka 1920. Baharia wa jahazi hahitaji kuelezwa kwa nini mji uliota mahali hapo. Chombo kilicholetwa na kaskazi kilihitaji maji yaliyotulia ya kutia nanga na kungojea kusi iwadie, na ghuba ilikuwapo.

Jengo kubwa zaidi katika magofu hayo ni msikiti wa Ijumaa. Karibu nao kuna makaburi ya mawe, baadhi yakiwa na nguzo. Kaburi la nguzo ni mtindo unaopatikana pwani nzima, kuanzia Somalia hadi Tanzania, na mara nyingi nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Yanayoonekana juu ya ardhi leo ni ya karne ya 14 au karibu na hapo. Hapo ndipo matatizo ya wanahistoria yalipoanzia, kwa sababu Qanbalu ya vitabuni ilitangulia kwa zaidi ya miaka mia tatu.

James Kirkman, yule yule aliyefukua Gede, alichimba Ras Mkumbuu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1959. Hakupata tabaka zinazofika karne ya 10, na kwa muda wasomi wengi waliona kwamba Qanbalu itafutwe mahali pengine. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alirudi kwenye rasi na kuchimba chini ya msikiti unaoonekana. Chini yake akakuta mabaki ya msikiti wa kale zaidi, na mabaki hayo yakaurudisha mji wa Ras Mkumbuu katika karne ya 10. Tangu hapo rasi hii imekuwa miongoni mwa mahali panapopendekezwa sana kuwa ndipo Qanbalu. Hata hivyo si wote walioridhika. Unguja Ukuu una wafuasi wake, na wapo waliowahi kutazama hadi Komoro na Madagaska.

Jambo moja halifai kupitwa. Kaskazini mwa Pemba, huko Tumbe, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifukua makazi makubwa yaliyositawi kati ya karne ya 7 na ya 10. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo. Kisiwa kilikuwa na watu wengi, wenye kazi zao za mikono na biashara zao, kabla jiwe la kwanza la msikiti unaoonekana Ras Mkumbuu halijawekwa. Mji wa mawe ulipokuja ulikuta watu, na watu hao walikuwa na lugha.

Msafiri wa mwaka 304 Hijria

Abul Hasan Ali Al-Masudi alizaliwa Baghdad na kufariki Misri mwaka 956. Katika kitabu chake kinachojulikana kama Muruj al-Dhahab anasema kwamba aliivuka bahari ya Zanj zaidi ya mara moja, na kwamba safari yake ya mwisho ilikuwa ya kutoka Qanbalu kurudi Oman, mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917. Alisafiri katika vyombo vya watu wa Siraf, bandari kubwa ya Ghuba ya Uajemi. Anakiri kwamba amepita bahari nyingi lakini hakuona iliyomtisha kuliko hiyo, na anawataja mabaharia wa Oman walioimba walipopanda na kushuka katika mawimbi yaliyofanana na milima. Mwanafunzi wa fasihi simulizi na atue hapa kidogo: mwanajiografia wa karne ya 10 aliona wimbo wa kazi unastahili kuingia kitabuni.

Kuhusu Qanbalu, Al-Masudi anasema ni kisiwa chenye Waislamu, na kwamba lugha ya Waislamu hao ni ya Kizanji. Kwa maelezo yake, Waislamu walikitwaa kisiwa hicho karibu na wakati ule Bani Abbas walipochukua utawala kutoka kwa Bani Umayya, yaani katikati ya karne ya 8. Habari hiyo ya kutwaliwa imetumiwa sana na waliotaka kuonyesha kwamba miji ya pwani ilipandikizwa na wageni. Ajabu ni kwamba nusu ya pili ya maelezo hayo hayo haikutumiwa kwa bidii kama hiyo. Hata kama walikuja wageni na kutwaa, kizazi cha Al-Masudi kiliwakuta wajukuu wao wakizungumza lugha ya waliotwaliwa.

Anasema pia kwamba Wazanji ni wasemaji fasaha wenye wahutubu wao, na kwamba mcha Mungu miongoni mwao husimama mbele ya umati akawahimiza watu kumtii Mola na kuwakumbusha wafalme na mababu waliopita, kwa lugha yao wenyewe. Katika mihadhara ya chimbuko la Kiswahili maneno mawili ya Al-Masudi yamekuwa maarufu, nayo yatajadiliwa hapa chini. Kwa nini taarifa hii ya hotuba haitajwi ni jambo la kushangaza, maana pengine ndiyo habari ya zamani zaidi iliyoandikwa kuhusu sanaa ya usemaji katika sehemu hizi.

Mwaka 922, miaka michache tu baada ya safari hiyo, yalitokea mambo mawili yanayofaa kuwekwa kando kwa kando. Huko kaskazini, Ibn Fadlan, mjumbe aliyetumwa na khalifa wa Baghdad, aliwakuta Warusi wa kale kwenye mto Volga na kuandika alivyowaona wakimzika mkubwa wao ndani ya merikebu inayoteketezwa. Watu hao walikuwa wa asili ya Kiviking. Huku kusini, kwa mujibu wa kitabu cha visa vya mabaharia kinachonasibishwa na Buzurg bin Shahriyar, chombo kilichokuwa kikielekea Qanbalu mwaka huo kilipeperushwa na upepo hadi Sofala, na nahodha wake akamteka mfalme aliyewakarimu na kwenda kumuuza Oman. Kisa hicho kinaendelea kwa marefu, mfalme akasilimu, akahiji, akapita Misri na hatimaye akarudi kwao kutawala na kuwasamehe waliomuuza. Ni hadithi, tena imepangwa kwa ustadi wa hadithi. Lakini njia ya Oman hadi Qanbalu inatajwa ndani yake kama jambo la kawaida, kama vile leo mtu angesema basi la Mombasa. Dola moja ya Bani Abbas iliwavuta wafanyabiashara wa pande zote mbili. Fedha yake ilifika Skandinavia kwa wingi hata katika kisiwa cha Gotland, mahali paitwapo Spillings, ikafukuliwa mwaka 1999 hazina ya sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa za nchi za Kiislamu.

Qanbalu nayo ilipata wavamizi wake wa baharini. Kitabu hicho hicho cha visa kinasema kwamba mwaka 334 Hijria, yaani 945 au 946, watu waitwao Waqwaq walikuja kwa vyombo vipatavyo elfu moja na kuuzingira mji. Mji ulikuwa na ngome na umezungukwa na mkono wa bahari, hivyo haukutwaliwa. Walipoulizwa walitafuta nini, walitaja pembe, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa kuwafanya watumwa. Wakasema pia kwamba walikuwa wamesafiri mwaka mzima. Wasomi wengi huwahusisha Waqwaq na watu wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, ambao lugha yao ndiyo asili ya Kimalagasi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa mabaki ya mazao ya kale ulioonyesha mpunga na choroko za Asia katika makazi ya Komoro na Madagaska ya karne ya 8 hadi ya 10. Idadi ya vyombo elfu moja inanuka chumvi ya masimulizi ya mabaharia. Mkono wa bahari unaozunguka mji, hata hivyo, unaikaa vizuri rasi.

Hati isiyo na irabu

Katika hati ya Kiarabu jina Qanbalu ni herufi tano: qaf, nun, ba, lam, waw. Irabu fupi hazikuandikwa. Anayesoma Qanbalu amejitilia mwenyewe a mbili, na desturi hiyo imekaa vitabuni hadi imeonekana kama kwamba Al-Masudi ndiye aliyeziweka.

Hatua ya kwanza ni nun inayofuatwa na ba. Yeyote aliyepitia chuo cha Kurani anaijua kanuni ya iklabu: nun yenye sukuni ikifuatwa na ba hutamkwa mim. Kinachoandikwa nb husomwa mb. Kwa hiyo sauti iliyokusudiwa haikuwa Qan-balu bali kitu kama K-mb-lu, na mfuatano wa mb ni wa kawaida kabisa katika lugha za Kibantu. Hatua ya pili ni irabu. Ikiwa hazikuandikwa, hakuna kinachozuia kusoma Kumbulu badala ya Kambalu. Waw ya mwisho pekee ndiyo iliyosimama imara, nayo inatupa u.

Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, anaongeza kipande kinachokosekana. Katika kamusi yake ya majina ya mahali anakieleza kisiwa cha nchi ya Zanj kiitwacho al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, ambacho kwa kawaida hutambuliwa kuwa Pemba. Anasema kina miji miwili, kila mmoja una sultani wake asiyemtii mwenzake. Mji mmoja unaandikwa kwa herufi m-k-n-b-l-w, na mwingine m-t-n-b-y. Wa kwanza ni Qanbalu yenye kiambishi m- mbele yake. Wa pili, kwa msomaji wa Kiarabu, ni sawa na jina la mshairi mashuhuri al-Mutanabbi, na mnakili asiyejua Pemba angeliandika bila wasiwasi. Lakini ikitumiwa iklabu ile ile, m-t-n-b-y ni Mtamb-, na kaskazini ya Ras Mkumbuu, ng'ambo ya maji, iko Mtambwe Mkuu. Miji miwili, herufi mbili za nb, na majina mawili jirani hadi leo. Ni vigumu kuiona hali hii kuwa bahati nasibu.

Huko Mtambwe Mkuu mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa kienyeji, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimiya. Ni za karne ya 11. Sarafu za fedha zina jina la mtawala upande mmoja na sifa ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na maneno ya pande hizo mbili yamefungwa kwa kina. Mhakiki wa ushairi anayetafuta vina vya kale vya pwani asitafute katika karatasi peke yake.

Sauti iliyodondoka

Sasa yabaki kuelezwa jinsi Mkumbulu ilivyokuwa Mkumbuu. Wanaisimu wameonyesha kwamba Kiswahili kilipoteza sauti l katikati ya maneno mengi ya asili ya Kibantu, mabadiliko ambayo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch wameyajadili kwa kina katika kazi yao ya mwaka 1993 kuhusu lugha za kundi la Sabaki. Anayeishi Komarock hahitaji kusafiri hadi pwani kuyasikia. Jirani anayezungumza Kikuyu husema gũikara pale Mswahili anaposema kukaa, na Mkamba husema kwĩkala. Mguu kwa Kikuyu ni kũgũrũ, kwa Kiganda okugulu. Kuzaa ni gũciara kwa Kikuyu. Njaa ni enjala kwa Kibukusu na kwa Kiganda. Mkuu ni omukulu kwa Kiganda. Kinachoonekana kama r au l katika lugha hizo ndiyo sauti iliyodondoka katika Kiswahili, ikaziacha irabu mbili zikikutana: kala ikawa kaa, gulu ikawa guu, njala ikawa njaa, kulu ikawa kuu. Kwa mwendo huo huo Mkumbulu ingekuwa Mkumbuu, bila kulazimisha chochote.

Maneno mawili ya Al-Masudi yanaingia hapa. La kwanza ni cheo cha mfalme, ambacho katika nakala nyingi husomwa waqlimi. Katika hati ya Kiarabu fa na qaf hutofautiana kwa nukta moja tu. Mnakili akizidisha nukta, wafalimi inageuka waqalimi, na ndivyo wasomi wengi walivyolitambua neno wafalme. La pili ni jina la Mungu, ambalo nakala hazikubaliani jinsi ya kuliandika, lakini baadhi ya wataalamu wamelisoma Mkulunjulu, na Al-Masudi mwenyewe analifasiri kuwa ni Bwana Mkubwa. Usomaji huo ukikubaliwa, ndani yake mna mkulu na julu, yaani mkuu na juu kabla ya l kudondoka. Neno la Mungu na jina la mji, yote mawili katika kalamu ya msafiri mmoja, yangekuwa yanaonyesha hatua moja ya lugha. Na ikiwa nakala za Yaqut zinategemewa, l hiyo ilikuwa ingali ikisikika, au angalau ikiandikwa, mwanzoni mwa karne ya 13.

Pingamizi

Mabadiliko haya ya sauti hayakugusa kila neno. Kali haikuwa kai, wala mbali haikuwa mbai, na kulala kumebaki na l zake zote mbili. Mwenye kupinga anaweza kuuliza kwa nini Mkumbulu ihesabiwe upande wa njala na isihesabiwe upande wa kali. Swali hilo ni halali. Kinachoweza kujibiwa ni kwamba maneno yenye mfuatano wa -ulu mwishoni, kama kulu, gulu na julu, yamedondosha l kwa utaratibu ulio wazi kuliko mengine, na Mkumbulu ni wa umbo hilo. Huo ni uwezekano mkubwa, haujafika kuwa uthibitisho.

Pingamizi la pili ni kiambishi. Al-Masudi hana m-, Yaqut anayo. Je, wageni wa mwanzo waliiacha sauti ambayo sikio la Kiarabu halikuizoea mwanzoni mwa neno kabla ya konsonanti, au ni majina mawili tofauti? Wazo la kwanza ndilo jepesi kukubalika, kwa kuwa mfuatano wa mk- mwanzoni mwa neno haumo katika muundo wa silabi za Kiarabu. Lakini wepesi wa maelezo si hoja.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo linaweza kuelezwa kwa mfano wa Komarock yenyewe. Jina la mtaa huo, uliojengwa kando ya Barabara ya Kangundo katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, limetokana na kilima kilicho mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo, na nusu yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mwamba. Mtafiti wa miaka elfu moja ijayo akilikuta jina hilo na kuhitimisha kwamba wakazi wa Komarock walikuwa Waingereza, atakuwa amekosea sana. Jina la mahali si cheti cha kuzaliwa cha wakazi wake. Ras Mkumbuu nayo ni jina la nusu mbili, Kiarabu mbele na Kibantu nyuma. Wale waliotumia nusu ya kwanza, na majina mengine ya Kiarabu ya pwani, kudai kwamba miji hii ni ya Waarabu walifanya kosa la mtafiti huyo wa kubuni. Anayetumia nusu ya pili kudai kwamba hakuna mgeni aliyekaa hapo atakuwa analifanya kosa lile lile kutoka upande wa pili. Linaloweza kusemwa kwa tahadhari ni hili: katika karne ya 10 mtu wa Oman aliyeuliza mji huu unaitwaje alijibiwa kwa neno lenye umbo la lugha ya wenyeji, na Waislamu wa mji, kwa ushahidi wa aliyewaona, walizungumza lugha hiyo.

Mfano wa Waviking una faida yake katika jambo hili la ushahidi. Masimulizi ya safari zao za kwenda Amerika yaliandikwa Iceland katika karne ya 13, zaidi ya miaka mia mbili baada ya safari zenyewe, na kwa muda mrefu wengi waliyaona kuwa ngano tu. Mwaka 1960 Helge Ingstad na mkewe Anne Stine waliyatambua mabaki ya nyumba za Waviking kwenye ncha ya kaskazini ya Newfoundland, Kanada, mahali paitwapo L'Anse aux Meadows. Mwaka 2021 wanasayansi walichapisha kwamba miti iliyotumiwa hapo ilikatwa mwaka 1021. Masimulizi yalikuwa na kweli ndani yake, ingawa hakuna anayeyasoma leo kama taarifa ya mahakamani. Ingstad alielekezwa na mtu wa kijiji kilicho jirani, aliyezijua tuta zile tangu zamani.

Pemba ina masimulizi yake, na mashuhuri zaidi ni ya Mkamandume, mtawala wa Pujini upande wa mashariki wa kisiwa, anayekumbukwa kwa ukatili wa kuwatumikisha watu ujenzini. Ngome ya Pujini ipo na imefukuliwa. Ni ya karibu karne ya 15. Kumbukumbu ya simulizi imekaa vizuri hapo. Kuipeleka nyuma miaka mia tano zaidi hadi Qanbalu ni kuibebesha mzigo usiokuwa wake, na baadhi ya maandishi yanayomfanya Mkamandume kuwa mfalme wa kila gofu la Pemba yamefanya hivyo bila haya.

Kazi iliyosalia

Irabu ya kwanza ya jina haijapatikana. Hati haikuiandika, na udongo hauna la kusema juu yake. Kinachoweza kusaidia ni majina mengine ya karibu, yale madogo ambayo hayakuingia katika ramani: majina ya miamba, ya mikondo, ya viweko vya madema, ya vikuta vya magofu, ya sehemu za ufuo wanazozitaja wavuvi wa Ndagoni na wa Mtambwe wanapoelezana walikotega. Majina ya aina hiyo hubadilika polepole, kwa sababu anayeyatumia ni mtu na mwanawe. Mkusanyo wa majina mia moja au mia mbili, ukirekodiwa kwa matamshi ya wazee na kulinganishwa na Kipemba cha leo, ungeonyesha kama zipo nyingine zilizohifadhi l pale ambapo kiini cha neno kimeipoteza, na kama irabu za sehemu hiyo ya kisiwa zimekuwa zikibadilika kati ya a na u. Tasnifu ya shahada ya uzamili haihitaji zaidi ya hapo, na gharama yake ni nauli ya meli, kinasa sauti, na subira ya kukaa mtumbwini hadi maji yapwe.